Masaya Hattori, gavana aliyeiona kodi ndani ya bei ya dola

GISENYI, Rwanda – Mfanyabiashara anayevuka kwa miguu kutoka Gisenyi kwenda Goma kupitia mpaka mdogo, ule ambao wengi wanauita Petite Barrière, huwa na hesabu mbili kichwani. Ya kwanza ni ushuru wa forodha. Ya pili ni bei ya kubadilisha fedha kati ya faranga ya Rwanda, faranga ya Kongo na dola ya Marekani. Mara nyingi hesabu hii ya pili ndiyo inayoamua kama atarudi nyumbani na faida au na hasara, ingawa hakuna risiti ya forodha inayoionyesha.

Zaidi ya miaka 50 iliyopita alikuwapo mtu aliyeishika hesabu hiyo ya pili na kuiweka mezani mbele ya Rais wa Rwanda. Hakuwa Mnyarwanda wala Mbelgiji. Alikuwa Mjapani, mtumishi wa benki, na jina lake Masaya Hattori. Aliongoza Benki ya Taifa ya Rwanda kwa miaka sita, kuanzia 1965 hadi 1971, kisha akaandika kitabu kueleza mkulima na mchuuzi wa nchi hiyo walikuwa wakitozwa nini, na nani, bila wenyewe kujua.

Huko Japani jina lake linafahamika kwa wasomaji wengi wa mambo ya uchumi. Katika barabara za Gisenyi, Goma, Kigali na Kampala, ambako kazi yake iligusa mifuko ya watu, wachache wanalikumbuka.

Alikotoka

Hattori alizaliwa mwaka 1918 katika mji wa bandari wa Yokkaichi, mkoa wa Mie, Japani. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto alitumikia jeshi la wanamaji na akawa Rabaul, kisiwa cha New Britain, ambacho leo ni sehemu ya Papua New Guinea. Vita vilipokwisha alirudi katika nchi iliyoungua na iliyoshindwa. Mwaka 1947 aliajiriwa na Benki ya Japani.

Miaka hiyo ni muhimu kwa kuelewa alichokifanya baadaye Rwanda. Japani ya baada ya vita ilikuwa na mfumuko mkubwa wa bei, na haikuwa na bei moja ya dola. Kila bidhaa iliyotoka au kuingia ilikuwa na kiwango chake cha kubadilisha fedha, na serikali ilifidia tofauti kutoka hazina. Tarehe 25 Aprili 1949 mambo hayo yalikomeshwa, ikawekwa bei moja ya yeni 360 kwa dola. Mwaka huo huo profesa wa Marekani, Carl Shoup, aliongoza ujumbe uliopanga upya kodi za Japani.

Kwa hiyo kijana aliyeingia Benki ya Japani wakati huo alishuhudia nchi maskini ikihama kutoka bei nyingi za dola kwenda bei moja, na kodi zake zikipangwa upya ndani ya mwaka mmoja. Miaka 16 baadaye alikutana na jambo hilo hilo katikati ya Afrika.

Nchi aliyoikuta

Rwanda ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Kwa muda ilitumia sarafu moja na Burundi. Ushirika huo ulipovunjika, kila nchi ilibaki na sarafu yake, na Benki ya Taifa ya Rwanda ikaanzishwa Aprili 1964. Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, liliombwa kumtafuta mtu wa kuiongoza. Hattori, akiwa na umri wa miaka 46, alipelekwa Kigali na kuanza kazi mwanzoni mwa 1965.

Alikuta benki changa katika nchi isiyo na bahari. Mzigo kutoka Mombasa ulisafiri zaidi ya kilomita 1,500 kabla ya kufika Kigali, kwa reli hadi Uganda kisha kwa lori kupitia Kabale na mpaka wa Gatuna. Mauzo ya nje yalitegemea kahawa zaidi ya kitu kingine chochote, pamoja na madini ya bati, na kiasi cha pareto na chai. Serikali ilitumia zaidi ya ilichokusanya, na pengo lilizibwa kwa kukopa Benki ya Taifa, maana yake kwa kuchapisha faranga. Akiba ya fedha za kigeni ilikuwa karibu kumalizika.

Magharibi ya nchi, Gisenyi ilikuwa mji mdogo wa mwambao wa Ziwa Kivu, umegusana kabisa na Goma. Kiwanda cha bia cha Bralirwa kilikuwapo tangu miaka ya mwisho ya ukoloni, na kuanzia mwaka 1963 kilipata gesi ya methani kutoka ziwani, iliyovutwa katika rasi ya Rubona. Hata kiwanda kama hicho, chenye moto wa nyumbani na maji ya nyumbani, kilihitaji dola za kununulia kimea na vipuri. Bei ya dola iliwahusu wote, wawe na akaunti ya benki au wasiwe nayo.

Mzigo wa zamani

Kodi halikuwa jambo geni kwa mkulima wa Rwanda. Chini ya wafalme alitoa ikoro, yaani sehemu ya mazao na vitu vya kazi ya mikono vilivyopelekwa kwa watawala. Katika maeneo mengi aliongezewa uburetwa, siku za kazi ya bure kwa chifu. Wabelgiji waliposhika nchi walidai kodi ya kichwa kwa fedha taslimu, na katika miaka ya 1930 waliwalazimisha wakulima kupanda miche ya kahawa. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja, kwa kuwa mtu asiye na mshahara angepata wapi sarafu ya kulipia kodi kama si kwa kuuza kahawa?

Baada ya uhuru Rwanda ilitunga sheria zake, mojawapo ikiwa sheria ya kodi ya mapato ya biashara ya tarehe 2 Juni 1964. Kwenye karatasi mzigo ulionekana umegawanywa kati ya makampuni, wenye mishahara na wakulima. Hattori alipoanza kupitia hesabu aligundua kwamba kodi kubwa kuliko zote haikuwamo katika sheria yoyote ya kodi.

Bei mbili za dola

Wakati huo Rwanda ilikuwa na bei mbili za fedha za kigeni. Ya kwanza ilikuwa bei rasmi, faranga 50 kwa dola 1. Ya pili ilikuwa bei ya soko huria, iliyofika karibu mara mbili ya hiyo na wakati mwingine zaidi. Aliyeuza kahawa nje alitakiwa kuzikabidhi dola zake kwa bei rasmi. Bidhaa chache zilizohesabiwa kuwa za lazima ziliagizwa kwa bei rasmi. Wageni wengi waliofanya kazi nchini waliweza pia kupeleka sehemu ya mishahara yao kwao kwa bei hiyo ya chini. Mahitaji mengine yalipitia soko huria.

Chukua mfano rahisi. Kahawa yenye thamani ya dola 1 huko ng'ambo ilimletea mnunuzi wa kahawa faranga 50, naye alimlipa mkulima kutokana na hizo 50 baada ya kutoa gharama zake. Mkulima huyo alipokwenda dukani kununua jembe, kitenge au blanketi, alikuta bidhaa ambayo bei yake imefuata dola ya faranga 100. Nusu ya nguvu ya kahawa yake ilikuwa imepotea njiani. Haikwenda kwa mtoza kodi wala haikujenga barabara. Ilimwendea yule aliyekuwa na kibali cha kununua dola kwa faranga 50.

Hapo ndipo Hattori alipoona kiini cha tatizo. Bei mbili za dola zilikuwa kodi juu ya mkulima na ruzuku kwa wenye vibali. Kodi ya kichwa ilijulikana, ilipingwa na ilijadiliwa. Hii nyingine haikuwa na jina, haikupita bungeni, na aliyeilipa hakupewa stakabadhi.

Aliona pia kwamba hata wenye maduka walipoagiza bidhaa kwa bei rasmi, mnunuzi wa kijijini hakupata nafuu. Bidhaa ilikuwa chache, kwa hiyo iliuzwa kwa bei ambayo soko lingeweza kubeba. Faida ya dola nafuu ilibaki kwa mwagizaji. Bei elekezi za serikali hazikusaidia, kwa kuwa duka lisilo na mzigo halina cha kuuza kwa bei yoyote.

Mpakani ndiko mambo yanakoonekana kwanza

Kwa watu wa Gisenyi na Goma somo hili si la darasani. Nchi inapomlipa mkulima wake nusu ya thamani ya mazao, na ng'ambo ya barabara kuna mnunuzi anayelipa zaidi, mazao huvuka usiku. Nchi inapouza sukari au mafuta yaliyoagizwa kwa dola nafuu, bidhaa hizo nazo huvuka. Anayezibeba huitwa mtu wa magendo, na askari huongezwa mpakani. Lakini kinachomsukuma ni tofauti ya bei iliyopangwa mezani katika mji mkuu.

Mzigo huo unaobebwa kichwani ndio unaokuwa wa kwanza kutoa habari kwamba mahali fulani kuna kodi iliyofichwa. Kongo nayo ilipitia hali hiyo. Baada ya miaka ya vurugu na kushuka kwa faranga yake, mwezi Juni 1967 ilileta sarafu mpya, zaire, ambayo 1 ilibadilishwa kwa faranga 1,000 za zamani na kuhesabiwa kuwa sawa na dola 2. Katika kipindi cha miezi isiyozidi 15, nchi zote mbili zinazokutana Gisenyi zilikuwa zimekiri kwamba bei zao rasmi za zamani hazikuwa za kweli.

Mpango wa 1966

Rais Grégoire Kayibanda alimtaka Hattori atoe ushauri. Hattori hakutaka kushusha thamani ya faranga peke yake. Kama serikali ingeendelea kuchapisha fedha za kuziba bajeti, bei mpya nayo ingeharibika baada ya muda mfupi. Kwa hiyo aliandaa mpango wa uchumi mzima, unaogusa sarafu, bajeti, kodi, bei za bidhaa na biashara ya kuagiza.

Mwezi Aprili 1966 mpango ulitekelezwa, IMF ikiunga mkono kwa mkopo wa tahadhari. Bei mbili zilifutwa na faranga 100 zikawa dola 1 kwa kila mtu, awe mkulima, mwenye kampuni au mgeni anayetuma mshahara kwao. Bei ya kahawa aliyolipwa mkulima ilipandishwa. Udhibiti wa bei za dukani uliondolewa kwa sehemu kubwa. Vikwazo vya kuagiza bidhaa vililegezwa. Kodi na matumizi ya serikali vilipangwa upya ili bajeti isimame yenyewe, na mikopo ya serikali kutoka Benki ya Taifa ikawekewa kikomo.

Wapo waliobashiri maafa. Hoja yao ilikuwa kwamba mkulima wa Rwanda hajali bei, kwamba akipewa fedha zaidi atalima kidogo zaidi, na kwamba biashara haiwezi kwenda bila wageni walioizoea. Hattori hakukubali. Alikuwa ametembea vijijini na kuzungumza na wachuuzi, na alimwona mkulima kuwa mtu mwenye hesabu kama wengine. Kama hakuzalisha kwa ajili ya soko, ni kwa sababu soko halikumpa kitu cha maana cha kununua.

Matokeo yalimuunga mkono. Faranga haikuporomoka, bidhaa zilirudi madukani, na mauzo ya kahawa nje yakaongezeka. Thamani ya faranga iliyowekwa mwaka 1966 ilidumu kwa miaka mingi, na mwaka 1974 kiwango kilibadilishwa kuwa faranga 92.84 kwa dola, yaani faranga ilipanda badala ya kushuka. Rwanda haikushusha tena thamani ya sarafu yake kwa kishindo hadi Novemba 1990.

Wachuuzi, maghala na malori

Sehemu ya kazi yake inayowagusa zaidi wafanyabiashara na wasafirishaji ni ile iliyofuata baada ya bei moja kuwekwa. Hattori aliamini kwamba sarafu nzuri haitoshi kama bidhaa haziwezi kusafiri. Biashara kubwa ya kuagiza na kuuza nje ilikuwa mikononi mwa makampuni ya wageni. Wanyarwanda walikuwa wachuuzi wadogo, wakinunua kutoka kwa wauza jumla na kupeleka bidhaa masokoni vijijini.

Yeye aliwaona wachuuzi hao kuwa ndio wenye uwezo wa kuikuza nchi. Walijua mteja anataka jembe la aina gani na kitenge cha rangi gani. Walikubali faida ndogo kwa kila kipande na waliuza haraka. Kilichowakwamisha kilikuwa mtaji, gari na mahali pa kuweka mzigo. Katika hilo wachuuzi wa leo wa Rubavu wanaweza kujiona.

Miaka ya uongozi wake ndiyo taasisi kadhaa za fedha na biashara zilipoanzishwa. Banque de Kigali ilianzishwa mwaka 1966, hivyo Banque Commerciale du Rwanda, iliyokuwapo tangu 1963, ikapata mshindani. Benki ya Maendeleo ya Rwanda ilianzishwa mwaka 1967. Mwaka 1969 ikaja kampuni ya maghala, MAGERWA, ambayo madereva wengi wa malori wa Ukanda wa Kaskazini wamewahi kulala nje ya lango lake wakisubiri mzigo utolewe.

Ghala la forodha ni jambo linaloonekana dogo lakini lina uzito kwa mtaji mdogo. Mwagizaji anaweza kuuacha mzigo ghalani chini ya ulinzi wa forodha na kulipia ushuru anapoutoa. Benki nayo inaweza kumkopesha kwa kuutazama mzigo uliopo. Pasipo ghala, ni mwenye fedha nyingi tu anayeweza kulipa ushuru wote siku moja, na huyo ndiye anayebaki peke yake sokoni.

Mpaka ulipofungwa

Kazi hiyo haikufanyika katika utulivu. Mwaka 1967 mamluki wa kizungu wakiongozwa na Jean Schramme, pamoja na askari wa Katanga, waliasi mashariki ya Kongo na kuuteka mji wa Bukavu. Mwezi Novemba waliposhindwa walivuka kuingia Rwanda upande wa Cyangugu, ambako walinyang'anywa silaha na kuzuiliwa. Kongo iliwadai. Rwanda haikuwatoa, na Januari 1968 Kongo ikavunja uhusiano wa kibalozi. Mamluki waliondolewa kwenda Ulaya Aprili 1968, na uhusiano ukarejeshwa baadaye.

Kwa miji kama Gisenyi na Cyangugu, inayoishi kwa kuvuka, kipindi kama hicho huwa cha njaa. Kwa benki ya taifa kilikuwa mtihani wa sarafu mpya, maana hofu humfanya kila mtu akimbilie dola. Faranga iliupita mtihani huo. Hattori alikieleza kisa hicho katika kitabu chake, kwa kuwa kilionyesha jinsi nchi isiyo na bahari inavyokuwa mateka wa barabara za majirani.

Kitabu

Mwaka 1971 aliondoka Kigali na kiti cha gavana kikaenda kwa Mnyarwanda, Jean Birara, aliyekikalia hadi 1985. Mwaka uliofuata Hattori alichapisha Tokyo kitabu alichokiita kumbukumbu za gavana wa benki kuu ya Rwanda. Kilipata tuzo ya uchapishaji ya gazeti la Mainichi, na kimechapishwa tena mara nyingi.

Kitabu hicho si historia ya kodi kwa jina, lakini ndani yake mna historia hiyo. Kinaeleza nani alilipa, nani alisamehewa na nani alikula tofauti katika Rwanda ya miaka ya kwanza ya uhuru. Kinawataja wataalamu wa nje waliotoa ushauri bila kuuliza bei sokoni. Kinaonyesha makampuni yaliyolilia ulinzi wa serikali huku yakiwaita Wanyarwanda wavivu. Wazo lake kuu ni kwamba watu wa kawaida wa nchi ndio wanaoiendeleza, na kazi ya serikali ni kuwaondolea vizuizi, hasa vile ambavyo havionekani.

Mwaka 1972 Hattori alijiunga na Benki ya Dunia, na baadaye akawa mmoja wa makamu wake wa rais katika miaka ya mwanzo ya 1980. Alifariki mwaka 1999.

Upande ambao hesabu haikuufikia

Maisha yake hayawezi kuelezwa kwa sifa tupu. Serikali aliyoitumikia ilikuwa imejengwa juu ya ubaguzi. Mwisho wa 1963 na mwanzo wa 1964, mwaka mmoja kabla hajafika, maelfu ya Watutsi waliuawa, na wengi walikuwa wamekwisha kukimbilia Uganda, Burundi, Tanganyika na Kongo. Mwaka 1973, miaka miwili baada ya yeye kuondoka, Watutsi walifukuzwa mashuleni na makazini, na mwezi Julai Kayibanda mwenyewe akapinduliwa na Juvénal Habyarimana. Mpango wa 1966 ulimpa mkulima bei ya haki ya dola. Haukumrudisha mkimbizi nyumbani wala haukumpa aliyebaguliwa usalama.

Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, Hattori, akiwa na miaka 76, aliandika makala akihoji jinsi dunia ilivyosimuliwa habari za Rwanda. Makala hiyo iliongezwa katika toleo la kitabu chake la 2009. Anayeisoma leo anapaswa kukumbuka kwamba mwandishi aliijua Rwanda kupitia ofisi za serikali ya Kayibanda.

Mwaka huo wa 1994 uligusa pia taasisi aliyoijenga, na Gisenyi ndiko ilikoguswa. Serikali iliyopanga mauaji ilirudi nyuma hadi mji huo, na mwezi Julai ikavuka kwenda Goma pamoja na mamia ya maelfu ya watu waliopita katika siku chache. Walioikimbia nchi walibeba shehena kubwa ya noti za Benki ya Taifa. Faranga za Rwanda zikatumika katika kambi za Kivu wakati Kigali haikuwa na fedha za kulipa mishahara. Januari 1995 serikali mpya ilibadilisha noti, na zile zilizokuwa ng'ambo zikageuka karatasi. Wafanyabiashara wa pande zote mbili waliokuwa na akiba ya noti za zamani, hata wale wasio na hatia yoyote, walijifunza tena kwamba uamuzi juu ya sarafu unaweza kumaliza mtaji wa mtu kwa siku moja.

Kinachobaki kwa mfanyabiashara

Tangu hapo mengi yamebadilika. Soko la fedha za kigeni la Rwanda lililegezwa mwaka 1995. Mamlaka ya Mapato ya Rwanda ilianzishwa Novemba 1997, na kodi ya ongezeko la thamani ikaanza kutozwa mwaka 2001. Mwaka 2006 Gisenyi iliwekwa ndani ya wilaya ya Rubavu. Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo ikakubaliwa mwaka 2022. Ushuru sasa una vitabu, viwango na fomu ambazo mfanyabiashara anaweza kuziomba na kuzisoma.

Tofauti ya bei ya fedha bado haina fomu. Msafirishaji anayelipwa kwa dola na kununua dizeli kwa faranga anaweza kulipa bila kujua. Mchuuzi wa Goma anayeuza kwa faranga ya Kongo na kulipa mzigo wake Gisenyi kwa faranga ya Rwanda yuko hapo hapo. Njia ya Hattori ilikuwa kuandika hesabu hiyo kwenye mstari wake: bei ya kununulia dola, bei ya kuuzia, tofauti kati ya hizo mbili, na mfuko ambao tofauti hiyo inaingia. Ndivyo alivyofanya Kigali mwaka 1965 kwa hesabu za taifa zima. Hesabu ya gunia moja la maharage linalovuka Petite Barrière inaweza kufanywa kwa mistari hiyo hiyo.